Krimu iliyokatika kama tui: kisa cha Langoni

Shangazi yangu hutengeneza krimu ya ngozi. Kiwanda chake ni chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mawe mtaa wa Langoni, Lamu: meza, jiko dogo la gesi, mizani ya betri, mashine ya kupigia mayai, na sufuria mbili ambazo ole wake atakayezipikia wali. Wateja wake wakubwa ni wenye harusi. Bibi harusi akishasingwa kwa singo na kuoshwa, hupakwa krimu ya shangazi yenye halwaridi na harufu ya asumini, na wageni huondoka na vikopo vyao.

Mwezi wa Machi, kaskazi ikielekea kwisha, aliagizwa vikopo 60. Alipika usiku, akaacha krimu ipoe, akalala. Alfajiri akanipigia simu.

"Ndoo uole," yaani njoo uone. "Krimu imekatika."

Neno hilo ni la jikoni. Tui hukatika likichemka bila kukorogwa: mafuta yanapanda juu, chembe nyeupe zinaelea, chini yanabaki maji. Nilipofunua lile beseni niliona hasa alichosema. Juu kulikuwa na mafuta ya manjano unene wa kidole. Katikati madonge meupe kama chicha iliyokamuliwa vibaya. Chini maji yenye rangi ya ukungu. Nilichukua donge moja nikalisugua baina ya vidole. Halikuenea, lilinata, na nilipokwenda kunawa, maji yalikimbia juu ya mkono kama yanavyokimbia juu ya jani la mgomba.

Nafundisha kemia sekondari, kwa hiyo katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kuitwa mambo haya yakitokea. Ninaandika kisa hiki kwa sababu nilikosea mara mbili kabla ya kupata, na makosa yenyewe yana faida kuliko jibu.

Kwanza mapishi. Kwa kilo moja ya krimu, shangazi hutia mafuta ya nazi gramu 150, nta ya nyuki gramu 20, asidi ya steariki gramu 40, gliserini gramu 50, halwaridi gramu 100, traiethanolamini gramu 6, na fenoksiethanoli gramu 9 ili krimu isiote ukungu. Kinachobaki, gramu 625, ni maji. Mafuta, nta na steariki huyeyushwa pamoja kwenye sufuria moja mpaka nyuzi 75. Maji, gliserini na traiethanolamini hupashwa kwenye nyingine mpaka joto lile lile. Kisha kimoja humiminiwa ndani ya kingine huku mashine ikizunguka. Halwaridi na fenoksiethanoli husubiri mpaka joto lishuke. Mapishi haya ameyafuata miaka miwili bila kukatikiwa hata mara moja.

Ukitazama orodha hiyo utauliza emulsifaya iko wapi, yaani kile kinachoyafanya mafuta na maji yakubali kukaa pamoja. Shangazi hajawahi kukinunua. Anakizalisha mwenyewe ndani ya sufuria, na kwa muda mrefu hakujua. Asidi ya steariki imo upande wa mafuta. Traiethanolamini, ambayo ni alkali, imo upande wa maji. Pande mbili zinapokutana, asidi na alkali zinashikana pale pale mpakani na kuzaa sabuni. Sehemu ya steariki tu ndiyo inayogeuka. Iliyobaki huipa krimu uzito na ule mng'aro wa lulu. Ni ufundi wa zamani na mimi naupenda: mlinzi anazaliwa langoni, hana haja ya kutafutwa.

Molekuli ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kina chaji hasi na kinapenda maji. Mkia ni mnyororo mrefu wa kaboni, kwenye steariki kaboni 18 pamoja na ile ya kichwani, nao hautaki maji kabisa, unataka mafuta. Molekuli ya namna hii haina raha ndani ya maji wala ndani ya mafuta. Raha yake ni mpakani. Waliokulia Lamu nawaambia wafikirie mtu aliyeketi dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni, mgongo nyumbani, uso njiani. Mamilioni kwa mamilioni ya molekuli hizo hulizunguka kila tone la mafuta, mikia ndani, vichwa nje. Kwa kuwa vichwa vyote vina chaji hasi, tone likikaribia tone jenzake husukumana. Hapo ndipo krimu inaposimama. Ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji na kuzuiwa yasiungane. Tui nalo ni hivyo hivyo, ila walinzi wake ni protini za nazi, na protini zikipata moto mkali hujikunjua na kuacha kazi, basi tui linakatika.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja: nini kimewaondoa walinzi?

Shangazi alikuwa na majibu yake mawili. La kwanza, steariki mpya, pakiti iliyoletwa kutoka Mombasa wiki ile. Alikuwa na hakika kwamba ameuziwa bandia. La pili aliliambia sakafu kuliko mimi: kuna mtu aliingia chumbani juzi akasifu vikopo bila kusema mashallah. Sikubishana na la pili. La kwanza lilipimika. Kwenye pakiti ya zamani mlikuwa mmebaki kiganja kimoja, tukakipima, tukapika gramu 200 za krimu. Ikakatika kabla ya adhuhuri. Mwuza duka akatakasika.

Kisha nikatoa jibu langu, kwa sauti ya mwalimu: ni joto. Chumba kilikuwa cha moto, mafuta ya nazi huyeyuka yakifika kama nyuzi 24, na mwezi wa Machi hapa hayagandi usiku wala mchana. Nikamwambia apige mashine kwa muda mrefu zaidi, matone yawe madogo, kisha apooze sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Alifanya kilo mbili nzima kwa neno langu. Zikakatika pia, na halwaridi ya mle ndani haikuwa ya bei rahisi. Ningefikiri kidogo ningejua: krimu hiyo hiyo ilipikwa Machi ya mwaka uliopita na Machi ya mwaka ule mwingine.

Dalili ya pili ilikuwa mbele ya macho na hakuna aliyeihesabu. Shangazi hupika pia sabuni ya maji, ile ya kuoshea vyombo, kwa ungarol, kitoa povu cha kiwandani. Wanaoijua kazi hii wanajua kwamba ungarol ikishayeyushwa huwa nyepesi, ndipo hutiwa chumvi ikawa nzito. Wiki ile ile sabuni ilikataa kuwa nzito. Alitia chumvi kipimo chake cha siku zote, ikawa nyepesi. Akaongeza, ikazidi wepesi. Mtungi mzima wa lita 20 ulikuwa pembeni, unamwagika kama maji ya kunawa, na kila mtu aliuona kama kisa kingine.

Aliyefungua mlango ni ami, ndugu yake shangazi. Ami ni fundi wa vyombo Matondoni, na hajapata kusoma kemia hata siku moja. Alikuja kuchukua kikombe chake cha kahawa, akatia kidole kwenye beseni, akasugua, akanusa. Akacheka.

"Hini deheni mumepika."

Deheni ndiyo inayopakwa chini ya jahazi. Huchukuliwa shahamu, ikachanganywa na chokaa, ikapondwa mpaka iwe kama uji mzito, ikapakwa kwa mkono kwenye mbao zinazokaa majini ili wadudu wa baharini wasizitoboe. Haiyeyuki kwa maji. Ingeyeyuka ingekuwa na faida gani? Nilisimama pale na kikombe mkononi. Shahamu na chokaa. Asidi za mafuta, kama steariki, na kalsiamu ya chokaa. Alichosema ami kwa mzaha ndicho kilichokuwa ndani ya beseni, neno kwa neno.

Nikamwuliza shangazi swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: "Maji umeteka wapi?"

"Kisimani. Birika limekauka."

Miaka yote miwili alikuwa akipikia maji ya mvua. Nyumba yake ina birika linalopokea maji ya dari, na ndani yake vile visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Masika yaliyopita yalikuwa mafupi. Birika likaisha, akageukia kisima cha uani, ambacho maji yake ni ya munyu na huogewa tu. "Mai ni mai," aliniambia, "na nimeyachemsha." Kwenye karatasi ya mapishi pameandikwa "maji", na mimi mwenye shahada niliposoma neno hilo niliona fomula ya haidrojeni na oksijeni, sikuona kisima.

Nilitaka kuthibitisha, kwa sababu mara mbili nilikuwa nimesema kwa uhakika na mara mbili nimeaibika. Tuliweka glasi tatu mezani: maji ya mvua kutoka birika la jirani, maji ya bomba ya mji, ambayo hutoka visima vya Shela, na maji ya kisima cha uani. Kila glasi ikapata nusu kijiko cha sabuni ya mche iliyoparuzwa na kuyeyushwa. Tukafunika kwa kiganja, tukatikisa mara 20. Maji ya mvua yakatoa povu lililojaa mpaka mdomoni, likakaa. Ya bomba yakatoa povu la wastani, na chini kidogo ya ukungu. Ya kisima hayakutoa povu. Yalitoa utando mweupe unaoshika glasi, ule ule unaoshika beseni la kuogea. Mama yeyote wa hapa angeweza kuniambia hayo bila glasi.

Maji ya Shela yana hadithi yake. Mvua huzama kwenye vilima vya mchanga na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya ardhi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Visima vya mjini havina vilima hivyo juu yake. Bahari iko karibu, na mwamba wenyewe ni wa matumbawe, yaani chokaa tupu. Basi maji yake hubeba mambo mawili: chumvi ya kawaida, na kalsiamu pamoja na magnesiamu. Nilitaka kujua ni lipi kati ya hayo lililoua krimu. Nikaazima kloridi ya kalsiamu kidogo kutoka maabara ya shule (ninairudisha kwa kuiandika hapa), tukapika krimu nne za gramu 100, zote kwa maji ya mvua isipokuwa moja ya kisima. Moja haikuongezwa kitu. Moja ilitiwa chumvi. Moja ilitiwa kalsiamu.

Ile isiyoongezwa kitu ilisimama vizuri. Ya chumvi ilisimama ikiwa laini, nyepesi, na siku ya pili ikaanza kutoa maji chini. Ya kalsiamu ilishika chembe mashine ikiwa bado inazunguka, na baada ya saa moja haukuweza kuitofautisha na ya kisima.

Maelezo yake ni haya. Chumvi haiui sabuni, inaizubaisha. Ioni za sodiamu, yaani chembe za chumvi zenye chaji chanya, husongamana karibu na vichwa vyenye chaji hasi, zikakinga ule msukumano. Matone yanakaribiana kuliko yanavyotakiwa, pole pole yanaungana. Kalsiamu ni jambo jingine. Kila ioni yake ina chaji mbili, hivyo hukamata molekuli mbili za sabuni kwa mpigo na kuzifunga vichwa kwa kichwa. Kinachozaliwa ni sabuni ya kalsiamu, haiyeyuki majini, ina mikia miwili na kichwa kimoja kilichobanwa katikati. Haikai tena mpakani kwa uso wa kuelekea maji. Inazama upande wa mafuta.

Na ikizama upande wa mafuta hutaka kugeuza krimu ndani nje. Wilder Bancroft, mkemia wa Marekani, aliandika mwaka 1913 kanuni ambayo mpaka leo ndiyo ya kuanzia: upande ambao emulsifaya huyeyuka zaidi ndio unaokuwa nje, upande wa pili ndio unaokuwa matone. Sabuni ya kawaida huyeyuka majini, basi maji huwa nje na mafuta ndani, na krimu kama hiyo hunawika. Sabuni ya kalsiamu hupenda mafuta, basi hutaka mafuta yawe nje. Ndiyo maana donge lile lilikataa kunawika mkononi mwangu. Lakini kwenye beseni la shangazi maji yalikuwa mengi mno na mafuta machache mno yasiweze kuyazunguka. Kugeuka hakukukamilika, kusimama hakukuwezekana, likabaki vurugu.

Sabuni ya maji nayo ikaeleweka. Ungarol ni safaktanti, yaani molekuli ya kichwa na mkia kama sabuni, iliyotengenezwa kiwandani. Kalsiamu haiigandishi kirahisi kama inavyoigandisha steariki, ndiyo sababu watu wa kisimani wanaipenda. Lakini ina mkondo wake na chumvi. Ndani ya maji molekuli zake hujikusanya vibonge, mikia katikati, vichwa nje. Ukitia chumvi, vichwa vinakubali kubanana, vibonge vinarefuka kuwa kama tambi. Tambi zikisokotana, sabuni inakuwa nzito. Hapo kuna kilele. Ukizidisha, tambi hushikana na kuota matawi, zinateleza badala ya kukazana, na uzito unaporomoka. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi yake tayari, hivyo kipimo cha shangazi kilimvusha kilele bila kujua, na kila alichoongeza kikamsukuma chini upande wa pili. Tuliuokoa ule mtungi kwa kuongeza ungarol na maji ya bomba, kidogo kidogo, mpaka ukarudi kuwa mzito. Krimu haikuokoka. Sabuni ya kalsiamu ikishafungwa, huifungui kwa kupasha moto wala kwa kuongeza steariki.

Na kuchemsha je? Shangazi aliumia hapo, maana alichemsha kwa uaminifu. Kuchemsha huondoa sehemu ya kalsiamu, ile iliyokaa na bikaboneti. Ndiyo inayoganda kama ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Iliyobaki haitoki, na chumvi haitoki kabisa. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi inakolea.

Tulikuwa na njia tatu. Kuna unga uitwao EDTA ambao hukumbatia kalsiamu na kuiweka kando, na watu hupenda kuuagiza wakisikia habari hizi. Hesabu yake ni fupi: gramu moja ya ule unaouzwa kwa kawaida, wenye sodiamu mbili, hushika kiasi cha miligramu 107 za kalsiamu. Kwa kipimo cha kawaida cha krimu, gramu moja kwa kilo, unafaa kufuta mabaki, haufai kupigana na kisima.

Njia ya pili ni kubadilisha emulsifaya, kutumia zile zisizo na chaji. Kichwa chake hupenda maji kwa njia nyingine, hakina chaji hasi ya kukamatwa, kwa hiyo kalsiamu na chumvi humpita. Kuzichagua kuna kipimo alichokitoa William Griffin mwaka 1949, kiitwacho HLB, ngazi ya 0 mpaka 20: namba ndogo hupenda mafuta, kubwa hupenda maji. Mafuta ya nazi huhitaji karibu 8 ili yasimame ndani ya maji. Emulsifaya iitwayo polisobeti 60 ina 14.9, nyingine iitwayo gliserili stearati ina 3.8; ukichanganya sehemu 38 za ya kwanza na 62 za ya pili unapata 8. Wawili waliochanganywa hushika kuliko mmoja mwenye 8 peke yake, kwa sababu mwembamba hujipenyeza pale mnene alipoacha nafasi. Nilimwandikia shangazi hesabu hiyo kwenye karatasi. Aliisoma, akauliza bei, akaikunja vizuri akaitia kwenye mkoba. Iko huko mpaka sasa.

Alichagua njia ya tatu. Jirani alimpa maji ya mvua mitungi miwili, punda akaileta mpaka mlangoni, vikopo 60 vikapikwa usiku wa Alhamisi, na mimi nilikaa naye nikipima traiethanolamini kwa tone. Maji ya mvua aliyachuja na kuyachemsha, maana dari ina kunguru, na fenoksiethanoli ikabaki gramu 9 ile ile. Mpaka unaoruhusiwa Ulaya ni asilimia 1, hakuna haja ya kuugusa. Alfajiri krimu ilikuwa nyeupe, imesimama, inang'aa. Tone la rangi ya chakula tuliloliweka juu lilienea lote, ishara kwamba maji ndiyo yaliyo nje.

Sasa kuna mitungi mitatu chini ya ngazi, imeandikwa kwa rangi nyekundu MAI YA KRIMU. Mwezi uliopita mpwa wangu alipikia chai mmoja wao na alisikia maneno ambayo sitayaandika.

Beseni la kwanza, lile lililokatika, ami aliomba apewe. Shangazi alidhani anafanya mzaha. Alimwaga maji, akabeba madonge kwenye ndoo mpaka Matondoni, akayaponda pamoja na chokaa na shahamu kidogo, akapaka mashua yake ndogo ya uvuvi. Ananiambia imeshika vizuri. Shida yake ni moja tu, kwamba wavuvi wenzake wanapovuta mashua ile pwani wanauliza ni harusi ya nani, kwa sababu inanuka asumini.